Mimea iliyolinda vitabu vya majani barani Asia

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, majani ya miti ya jamii ya mnazi yana kazi nyingi. Kwa makuti watu huezeka nyumba, kwa ukindu husuka mikeka, na kwa pakacha hubeba samaki na maembe. Ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi, huko Sri Lanka, India na visiwa vya Indonesia, majani ya miti ya jamii hiyo yalipewa kazi nyingine. Yalikuwa ndiyo karatasi.

Kwa takriban miaka 2,000, dini, sheria, hesabu za nyota, tiba, mashairi na hati za mashamba ziliandikwa juu ya vipande virefu vya majani, vikatobolewa, vikapitishwa uzi na kufungwa baina ya mbao mbili. Serikali ya India inakadiria kwamba nchini humo peke yake kuna hati za kale zaidi ya milioni 10, na miongoni mwa hizo zimo za majani.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba vitabu hivyo vimedumu. Hali ya hewa ya Kerala au Colombo haitofautiani sana na ya Mombasa au Unguja: joto, unyevu, ukungu na wadudu wasiolala. Jani likiachwa lilivyo katika mazingira hayo huliwa au kuoza upesi. Vitabu hivyo vimefika leo kwa sababu nyuma ya kila jani lililoandikwa palikuwa na mimea mingine mingi, kila mmoja na kazi yake, na palikuwa na watu walioijua.

Hofu ya kusahau

Mapokeo ya Sri Lanka yanaeleza kwamba mafundisho ya Buddha yalihifadhiwa kwa karne kadhaa vifuani mwa watawa, waliokuwa wakiyakariri na kurithishana kwa mdomo. Katika karne ya 1 kabla ya Kristo kisiwa hicho kilikumbwa na vita na njaa. Watawa walikufa, na kila aliyekufa aliondoka na sehemu ya kile alichokihifadhi. Waliosalia walikutana Aluvihare, karibu na mji wa Matale, katika zama za Mfalme Valagamba, wakaandika mafundisho yote juu ya majani.

Kisa hicho hakitakuwa kigeni kwa wasomaji Waislamu. Kadiri ya mapokezi ya Kiislamu, Zaid bin Thabit alipopewa kazi ya kuikusanya Qur'ani baada ya vita vilivyowaua wengi wa waliokuwa wameihifadhi, aliikusanya kutoka katika makuti ya mtende, mawe bapa na vifua vya watu. Katika visa vyote viwili, kilichowasukuma watu kwenye maandishi ni hofu kwamba kumbukumbu ingezikwa pamoja na wenyewe.

Miti yenye karatasi

Miti miwili ndiyo iliyotumika zaidi. Wa kwanza ni talipoti, ambao wataalamu wa mimea huuita Corypha umbraculifera. Asili yake ni kusini mwa India na Sri Lanka. Jani lake ni miongoni mwa majani makubwa kabisa duniani: linaweza kufikia upana wa mita 5, na watu walilitumia pia kama mwavuli na hema. Ni jani laini, jepesi na lenye kunyumbulika.

Maisha ya talipoti ni ya ajabu. Mti huu huishi kati ya miaka 30 na 80 bila kutoa ua hata moja. Kisha siku zake zikitimia, kilele chake hupasuka na kutoa shada la maua lenye urefu wa mita kadhaa, huzaa maelfu ya matunda, na baada ya hapo hufa. Anayepanda talipoti akiwa mtu mzima huenda asiyaone maua yake.

Mti wa pili ni Borassus flabellifer, ndugu wa karibu wa mvumo unaoota Tanzania, Kenya na sehemu nyingine nyingi za Afrika. Watamil huuita panai, na jimbo la Tamil Nadu limeufanya kuwa mti wake rasmi. Jani la mvumo huu wa Asia ni nene na gumu zaidi kuliko la talipoti, na vipande vyake ni vyembamba. Lakini mti wenyewe hustahimili ukame, na kwa hiyo ulitumika sana Tamil Nadu, Odisha na Bali. Neno la Indonesia kwa vitabu hivi, lontar, limetokana na maneno mawili ya Kijava, ron na tal, yaani jani la mti huo.

Mvumo wa Afrika ulibaki kuwa mti wa mikeka, vikapu, mapaa na tembo. Waandishi wa Lamu, Pate na Unguja waliandika tenzi na barua zao kwa herufi za Kiarabu juu ya karatasi zilizoletwa kwa biashara ya baharini, na hawakuwa na haja ya kutafuta jani.

Jani huandaliwaje?

Kazi huanzia juu ya mti. Linalotakiwa ni jani changa ambalo bado halijakunjuka, maana lililokwisha kukomaa juani huwa gumu na hukatika. Jani hukatwa, uti wake wa kati huondolewa, na vipande vinavyobaki hukunjwa mviringo kama mkanda.

Nchini Sri Lanka, mikunjo hiyo huchemshwa kwa saa kadhaa katika chungu kikubwa pamoja na majani ya mpapai na ya mnanasi. Kuchemsha hulainisha jani na kuliondolea sehemu ya vitu vinavyowavutia wadudu na kuvu. Baadaye vipande hukaushwa, huachwa vipigwe na jua la mchana na umande wa usiku, kisha huvutwa mbele na nyuma juu ya gogo laini la mpopoo hadi viwe na uso unaoteleza. Kazi hiyo huhitaji mikono yenye subira, kwa sababu kipande kikivutwa vibaya hupasuka kwa kufuata mishipa yake.

Mahali pengine njia ni tofauti. Katika sehemu za India kusini majani huchemshwa pamoja na manjano, kiungo kile kile cha pilau na mchuzi, ambacho hulipa jani rangi na kulikinga na wadudu. Odisha kuna waliokuwa wakiyafukia majani katika matope kwa siku kadhaa, au kuyatundika juu ya meko ili yapate moshi. Bali huyachemsha na mizizi na magome ya miti, kisha huyabana katika mashinikizo ya mbao kwa muda mrefu mpaka yanyooke kabisa.

Mpapai na mnanasi vinastahili kuangaliwa tena. Asili ya mimea yote miwili ni bara la Amerika, nayo ilifika Asia baada ya safari za Wareno, katika karne ya 16. Hii ina maana kwamba vitabu vyote vya Sri Lanka vya kabla ya hapo viliandaliwa bila mimea hiyo. Mafundi walipokutana na mmea mgeni wenye kufaa, waliupokea, na leo unahesabiwa kuwa sehemu ya mapishi ya mababu. Ujuzi huu, ambao mara nyingi huelezwa kana kwamba haukubadilika tangu kale, ulikuwa ukijaribiwa na kurekebishwa kila zama.

Kuandika kwa chuma, kusoma kwa masizi

Kaskazini mwa India na Nepal, waandishi walitumia kalamu ya mwanzi na wino juu ya jani la talipoti. Kusini mwa India, Odisha, Sri Lanka na Bali walitumia kalamu ya chuma iliyochongoka au kisu kidogo, wakakwangua herufi ndani ya ngozi ya jani. Wataalamu wengi wanaamini kwamba ndiyo sababu ya herufi za Kisinhala na Kiodia kuwa za mviringo. Mstari mrefu ulionyooka ungefuata mishipa ya jani na kulichana.

Herufi zilizokwanguliwa tu hazionekani vizuri. Hapo mimea mingine huingia kazini. Nchini Sri Lanka, mwandishi huchukua mkaa wa mti uitwao gaduma, Trema orientalis, ambao pia huota Afrika Mashariki na baadhi ya Watanzania huujua kwa jina la mpesi. Mkaa huo husagwa na kuchanganywa na mafuta ya dummala, ulimbo wa miti unaofanana na sandarusi. Mchanganyiko mweusi hupakwa jani zima, nao hujaa ndani ya mikwaruzo. Bali hutumia masizi ya njugu za mkemiri, zenye mafuta mengi, zilizochomwa.

Kisha uso wa jani hufutwa kwa unga mkavu, na weusi hubaki ndani ya herufi tu. Wasinhala hutumia pumba za mpunga au unga wa kurakkan. Kurakkan ni ulezi, au wimbi kama wanavyouita Wakenya, nafaka iliyoanza kulimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia na kusafirishwa hadi Asia Kusini maelfu ya miaka iliyopita. Unga wa uji wa Bukoba na Kisii ndio huo uliosafisha kurasa za vitabu vya watawa wa Kandy.

Walinzi wa kitabu

Kitabu kikishaandikwa, ulinzi huanza. Kwanza huwekewa mbao mbili, ambazo mara nyingi zilichongwa kutoka miti migumu kama mfenesi. Mbao hizo hukibana kitabu, jani lisijikunje na mdudu asipate upenyo. Kisha hufungwa katika kitambaa cha pamba, mara nyingi chekundu au cha manjano, na kuwekwa mahali pakavu penye hewa. Katika nyumba nyingi za India mahali hapo palikuwa juu ya jiko, ambako moshi wa kuni ulikausha unyevu na kufukuza wadudu.

Ndani ya kitambaa au kasha huwekwa majani makavu ya mwarobaini. Katika maktaba maarufu ya Saraswathi Mahal, mjini Thanjavur, Tamil Nadu, kuna kifuko kidogo kilichowekwa miongoni mwa vitabu chenye mchanganyiko wa viungo vilivyosagwa: mzizi wenye harufu kali wa mmea wa kinamasi uitwao vasambu, habasoda, pilipili manga, mdalasini, karafuu na vipande vya kafuri.

Orodha hiyo ingeweza kuandikwa dukani Darajani, Unguja. Karafuu ilianza kupandwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na India imekuwa mmoja wa wanunuzi wake wa vizazi vingi.

Jani linapozeeka hukauka na kuwa jepesi kuvunjika. Dawa yake ni mafuta ya mchaichai au ya ndugu yake, sitronela, yanayopakwa kidogo kwa brashi laini. Mafuta hayo hulirudishia jani ulaini wake, na harufu yake huwachukiza wadudu. Yakizidi, hata hivyo, huvuta vumbi na kulifanya jani liwe jeusi. Wahifadhi wa leo huyatumia kwa tahadhari.

Sayansi inasema nini?

Kwa muda mrefu mbinu hizi zilichukuliwa na baadhi ya wasomi kuwa ni imani tu. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba nyingi zina msingi. Mwarobaini una kemikali iitwayo azadiraktini, ambayo humkatisha mdudu hamu ya kula na kuvuruga ukuaji wake. Karafuu ina yujenoli, yenye uwezo wa kuzuia kuvu na bakteria. Vasambu ina kemikali yenye sumu kwa wadudu, na Marekani ilipiga marufuku matumizi ya mmea huo katika vyakula mwaka 1968.

Lakini sayansi imeonyesha pia mipaka. Viungo hupoteza nguvu harufu inapokwisha, na vinahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Majani ya mwarobaini yaliyosahauliwa kabatini kwa miaka 10 hayazuii chochote, na yanaweza yenyewe kuwa chakula cha wadudu.

Katika karne ya 20 maktaba nyingi ziliachana na viungo na kutumia dawa za viwandani na mvuke wa kemikali. Wadudu walikufa, lakini baadhi ya dawa hizo zilibainika kuwa hatari kwa afya ya wafanyakazi wa maktaba. Ndiyo maana mimea ya zamani inachunguzwa tena leo, nchini India na kwingineko.

Kitabu huishi kwa kunakiliwa

Pamoja na ulinzi wote huo, jani lina umri wake. Katika nchi za joto wataalamu hukadiria kwamba jani lililotunzwa vizuri hudumu kwa karne chache tu. Katika ubaridi wa milima ya Nepal hali ni nafuu: Kathmandu kuna nakala ya kitabu cha tiba cha Sushruta iliyoandikwa mwaka 878, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2013 katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Kwingineko, kitabu kiliokolewa kwa kunakiliwa. Jani la zamani lilipoanza kuvunjika, mwandishi alikata jani jipya na kuandika upya. Nakala chakavu iliagwa kwa heshima. Katika sehemu za Tamil Nadu ilitoswa mtoni siku ya sikukuu ya mwezi wa Aadi. Desturi hiyo haikuwa na ubaya wowote maadamu nakala mpya ilikuwapo.

Matbaa zilipoenea katika karne ya 19, watu waliacha kunakili, lakini hawakuacha kutosa. Vitabu ambavyo havikuwa na nakala nyingine vilikwenda na maji. Msomi wa Kitamil U. V. Swaminatha Iyer, aliyeishi kati ya mwaka 1855 na 1942, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenda nyumba hadi nyumba na hekalu hadi hekalu akitafuta vitabu vya majani kabla havijapotea. Sehemu kubwa ya fasihi ya kale ya Kitamil inayosomwa leo ilichapishwa kutokana na juhudi zake na za wenzake.

Mwaka 1905, mtunza maktaba wa Mysore, R. Shamasastry, alipokea kitabu cha majani ambacho kilikuja kuwa Arthashastra, maandishi mashuhuri ya kale kuhusu utawala na uchumi, yaliyokuwa yakijulikana kwa kutajwa tu na waandishi wengine. Laiti nakala hiyo ingeishia mtoni, huenda dunia isingeyasoma.

Moto na shoka

Hakuna mmea unaokinga kitabu dhidi ya moto. Maktaba ya Aluvihare yenyewe iliteketea mwaka 1848, Waingereza walipokuwa wakizima uasi wa Matale. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1981, maktaba ya umma ya Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, ilichomwa moto katika ghasia za kikabila. Vitabu na hati zipatazo 97,000 viliungua, vikiwamo vya majani ambavyo havikuwa na nakala popote. Watamil wengi waliokimbilia Ulaya na Canada katika miaka iliyofuata bado huutaja moto huo kabla ya kutaja vita vyenyewe.

Hatari nyingine inaikabili miti. Tamil Nadu, mivumo mingi imekatwa kwa ajili ya kuni za tanuri za matofali na kupisha ujenzi. Mwaka 2021 serikali ya jimbo hilo iliagiza kwamba asiukate mtu mti huo bila kibali cha mkuu wa wilaya.

Kisa kizito zaidi ni cha Bengali. Huko palikuwa na mti mwingine wa ukoo wa talipoti, Corypha taliera, ambao majani yake pia yaliandikiwa. Mwaka 1979, karibu na Shantiniketan, mti wa mwisho uliojulikana kuota porini ulianza kutoa shada lake la maua. Wanakijiji hawakuwa wamewahi kuona kitu kama hicho. Wakadhani ni mti wa mashetani, wakaukata kabla mbegu hazijakomaa.

Babu wa babu zao pengine waliandika juu ya majani ya mti huo. Ujuzi wa kuandika ulikuwa umekatika, jina la mti likasahauliwa, na mti ukawa mgeni katika ardhi yake. Hakuna aliyeuchukia kwa makusudi. Waliokuwapo hawakuujua tena.

Nakala mpya

Juhudi za kuokoa kilichobaki zinaendelea. India ilianzisha mpango wa taifa wa hati za kale mwaka 2003, na mwaka 2025 ilitangaza mpango mpana zaidi uitwao Gyan Bharatam. Huko Bali, maktaba ya Gedong Kirtya, iliyoanzishwa Singaraja mwaka 1928, inaendelea kuhifadhi lontar, na vitabu vingi vya kisiwa hicho vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Mwaka 2023, UNESCO iliingiza katika orodha yake nakala ya majani ya Mahavamsa, tarehe ya kale ya Sri Lanka.

Picha za kompyuta ni nakala za zama hizi, nazo zina faida kubwa: msomaji aliyeko Toronto anaweza kusoma ukurasa ulioko Jaffna bila kuugusa. Lakini picha huhifadhi maneno peke yake. Haielezi jani lilichemshwa kwa muda gani wala kifuko cha viungo kinapaswa kubadilishwa lini. Hayo yanajulikana na mafundi wachache, wengi wao wakiwa wazee, na hujifunzwa kwa kukaa kando yao na kushika kisu.

Kuhusu Corypha taliera, mti mmoja ulikuwa umesalia katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Dhaka, Bangladesh, ambako wataalamu wa mimea walikuwa wameutambua. Mwaka 2008 ulichanua. Safari hii hakuna aliyeleta shoka. Ulilindwa hadi ukazaa, ukafa kama ilivyo desturi ya ukoo wake, na mbegu zake zikaokotwa na kuoteshwa. Porini mti huo unahesabiwa kuwa umekwisha, lakini miche yake imepandwa. Itachukua miongo kadhaa kabla haijatoa maua, na wakati huo atahitajika mtu wa kuwaeleza majirani kwamba kinachoota juu ya mti ule si shetani.